Kaseti za soul za jukwaani: namna ya kuzinakili Lamu kabla hazijaharibika

Kaseti iliyokaa miaka thelathini au arobaini ndani ya kidaka cha nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani au Langoni, huenda bado ina onyesho zima la soul, muziki wa Wamarekani weusi, ndani yake, tena kwa sauti nzuri kuliko unavyodhani. Lakini usiihesabie michezo mingi. Ukanda mkongwe hukwama, hujikunja, hukatika kwenye kiungo au huacha ungaunga kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma ukanda, na ukishafanya hivyo mara moja hauchezi tena kama mwanzo. Kwa hiyo usiisikilize kwanza "kuona kama ni nzima" halafu ndipo uanze kutafuta waya. Tayarisha kila kitu, kisha uicheze mara ya kwanza huku kompyuta inarekodi.

Maelezo haya yanahusu kaseti ndogo ya kawaida, ile ambayo Philips waliitoa mwaka 1963: ukanda wa milimita 3.81 unaokwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwenye reli za robo inchi, yaani kanda za magurudumu makubwa zisizo na ganda, azipeleke kwa fundi mwenye mashine nzima ya reli. Baadhi ya reli za miaka ya 1970 na 1980 hunata, na dawa yake ni kuzipasha joto la nyuzi 54 au karibu na hapo kwa saa nyingi katika chombo kisichoyumba joto. Oveni ya nyumbani haifai kwa kazi hiyo.

Unyevu, chumvi na kuvu

Kuta za matumbawe huvuta maji kutoka chini na kuyatoa polepole ndani ya nyumba, na upepo wa bahari huongeza chumvi yake. Hifadhi kubwa za sauti duniani huweka kanda katika joto la nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Lamu hilo halipatikani bila mashine ya kupooza hewa kutwa kucha, basi lenga asilimia 45 hadi 50 ndani ya boksi na utosheke.

Chukua boksi la plastiki la lita 10 ambalo kifuniko chake kina mpira wa kuziba. Tia kaseti ishirini hivi, gramu 200 za silika, na kipima unyevu kidogo cha betri unachoweza kukisoma bila kufungua. Silika nunua ile ya chembe za rangi ya chungwa, ambazo hubadilika rangi zikishiba maji. Za buluu zina kobalti, ziache dukani. Zikishiba, zikaushe katika oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili na uzitumie tena. Mchele, ambao watu hupenda kuushauri, hunyonya kidogo sana na huacha unga unaoingia kwenye magurudumu ya kaseti. Jua nalo usilitumie: hupinda ganda, na ganda lililopinda husugua ukanda.

Wiki mbili ndani ya boksi zinatosha kaseti iliyo na unyevu tu. Kazi yenyewe ifanye wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, saa za mchana, hewa inapokuwa kavu zaidi. Masika yakiingia, funga maboksi na ungoje. Na ukiwa na deki, mashine ya kuchezea kaseti, iliyokuwa katika chumba cha mashine ya kupooza hewa, usiiwashe mara tu uitoapo nje. Chuma baridi hutoa jasho, na ukanda hunata kwenye hedi yenye maji. Ipe saa mbili.

Kabla ya lolote tazama kwa tochi kupitia kidirisha cha ganda. Ukiona nyuzi nyeupe au unga wa kijivu kwenye kingo za ukanda uliosokotwa, hiyo ni kuvu. Usiisokote mbele wala nyuma, maana tabaka zilizoshikana zitachanika. Itenge na nyingine, ikauke kwanza, halafu vaa barakoa nzuri, kaa baraza yenye upepo unaopeleka vumbi mbali na wewe, na uifute kwa brashi laini ya rangi. Baada ya kucheza kaseti ya aina hiyo safisha deki yote, la sivyo kuvu itahamia kwa inayofuata.

Iliyoanguka baharini, kama inavyotokea mizigo ikihamishwa kutoka mashua, ina kanuni yake: usiiache ikauke na chumvi. Fuwele za chumvi hukwaruza ukanda na kuozesha springi iliyo ndani ya ganda. Iweke katika maji baridi yaliyochujwa chumvi, yale ya betri ya gari yaliyo maji matupu bila asidi, ubadilishe maji mara tatu au nne, kisha uifungue ganda na kuiacha ikauke kivulini siku kadhaa.

Ganda, padi na viungo

Kazi ya kwanza kabisa ni kuvunja vibanzi vya kuzuia kurekodi. Ukiishika kaseti upande A ukikutazama na uwazi wa ukanda ukiwa chini, kibanzi cha upande A ni cha juu kushoto. Kaseti nyingi adimu zilifutwa na kidole kilichobonyeza kitufe cha kando, wala si na unyevu.

Halafu angalia padi, kile kipande cha manyoya kinachosukuma ukanda kwenye hedi. Gundi yake huoza kwa joto na padi hudondoka; sauti ikiwa hafifu, inayokuja na kupotea, mara nyingi ni hiyo. Usihangaike kuigundisha. Tafuta kaseti tupu nzuri yenye skrubu tano, ifungue, na uhamishe magurudumu yako mawili na ukanda wako ndani ya ganda lile. Hilo pia ndilo jibu la maganda yaliyounganishwa kwa gundi bila skrubu: yapasue kwa kisu chembamba kwenye mshono ukianzia pembe ya nyuma, mbali na ukanda, kisha uhamishe. Zile karatasi mbili nyororo zinazokaa juu na chini ya ukanda usizisahau. Bila hizo magurudumu hulia.

Ukanda ukikatika, unga kwa utepe wa gundi wa kuungia kanda, wa upana wa milimita 3, upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Kata ncha zote mbili pamoja kwa wembe mpya, ziguse bila kupandana. Selotepu ya ofisini haifai, maana kwa joto letu gundi yake huchuruzika na kushika tabaka za juu na chini.

Soma pia urefu ulioandikwa. C60 hucheza dakika 30 kila upande, C90 dakika 45, C120 dakika 60. Kadiri muda unavyoongezeka ndivyo ukanda unavyokuwa mwembamba, na C120 ni mwembamba kiasi kwamba deki yenye raba chafu, lile gurudumu la mpira linalovuta ukanda, huimeza. Wenye kunakili maonyesho marefu walizipenda C120 kwa sababu onyesho liliingia bila kukatwa, kwa hiyo utazikuta nyingi. Katika ukanda mwembamba utasikia pia mwangwi unaotangulia: mtangazaji anasikika kwa mbali nukta moja hadi tatu kabla hajasema, kwa kuwa usumaku umepenya kutoka tabaka moja hadi la pili. Hakuna programu inayouondoa vizuri. Kuusokota ukanda mbele na kuurudisha muda mfupi kabla ya kucheza huupunguza kidogo, mradi hauna kuvu.

Deki

Redio kaseti ya sebuleni itacheza, lakini tafuta deki ya mezani yenye matundu ya kutolea sauti nyuma. Iliyokaa Lamu bila kutumika huwa na mambo matatu: belti zimelegea au zimeyeyuka kuwa lami nyeusi, raba imekauka na kung'aa, na vitufe vya sauti vinakwaruza kwa kutu. Belti badilisha; lami yake iondoe yote kwa spiriti, kwa sababu tone likifika kwenye ekseli inayovuta ukanda basi mwendo utayumba daima.

Spiriti iwe ya aina ya isopropili, asilimia 99, au kwa uchache 90. Spiriti ya upasuaji ya duka la dawa mara nyingi ina mafuta ndani yake, na ile ya zambarau ya kuwashia jiko ina rangi. Zote mbili huacha utando kwenye hedi. Futa hedi na ekseli kwa pamba ya kijiti mpaka pamba itoke nyeupe. Raba ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu. Rudia baada ya kila kaseti, si baada ya kila boksi. Hedi zitolewe usumaku kwa kifaa chake kila baada ya saa 30 hivi za kucheza, deki ikiwa imezimwa na kaseti zote zikiwa chumba kingine.

Sasa azimuthi, yaani mwinamo wa hedi, jambo ambalo wengi huliruka na ndilo linaloamua kama sauti za juu zitapatikana. Mwanya wa hedi lazima usimame sambamba na mwanya wa deki iliyorekodi. Kaseti yako ilinakiliwa kwenye mashine nyingine, pengine ya duka la Mombasa, pengine ya hoteli ya Malindi, na kila mashine iliinama kivyake. Hedi ina skrubu mbili. Ile yenye springi ndiyo ya kurekebisha. Weka alama ya kalamu ilipo sasa. Fungua mpangilio wa sauti mono katika kompyuta ili sauti za kushoto na kulia zichanganyike, tumia bisibisi isiyo na sumaku, na uigeuze kidogo kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko, ukisikiliza matoazi na makofi. Yakiwa yamefifia kama yako nyuma ya pazia, bado. Yakifunguka ghafla, ndipo hapo. Fanya hivyo ndani ya dakika moja au mbili za mwanzo, kompyuta ikiwa tayari inarekodi, kisha rudi mwanzo. Kila kaseti ina azimuthi yake, na mara nyingine upande B una yake.

Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza mvumo wa ukanda, izime. Kaseti nyingi za kunakiliwa mitaani hazikutumia Dolby, na deki yako ikiitumia itameza sauti za juu bure. Karatasi ya kaseti ikionyesha alama ya Dolby B na sauti ikawa kali yenye mvumo mwingi, fanya faili la pili Dolby ikiwa imewashwa, lakini faili la kwanza libaki.

Waya, stima, kompyuta

Tundu la maiki la laptopu halifai: mara nyingi ni la mono tu na limetengenezewa sauti ndogo, basi ngoma zitapasuka. Nunua kisanduku cha sauti cha USB chenye matundu ya kuingizia laini. Chenye uwezo wa biti 24 ndicho bora. Vya bei nafuu vya biti 16 vinatosha kaseti kama huna njia nyingine, ila uwe mwangalifu zaidi na kiwango.

Laptopu iondoe kwenye chaja wakati wa kurekodi. Chaja na deki zikichomekwa kwenye soketi tofauti huleta mngurumo wa 50 Hz ambao utachafua kazi, na zaidi ya hapo utakuharibia kipimo tutakachokifikia punde. Stima ikiyumba, deki ikae kwenye inveta. Ukitumia redio kaseti ya betri kubwa, tia mpya: betri zikichoka katikati ya upande, mwendo hupungua polepole na hutaujua mpaka utakapolinganisha mwanzo na mwisho.

Weka programu, kwa mfano Audacity, kwenye 48 kHz na biti 24, faili la WAV. Hiki ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti. Kwa stereo ni karibu gigabaiti 1 kwa saa, yaani gigabaiti moja na nusu kwa C90 nzima. Ukipanda hadi 96 kHz zidisha mara mbili. Kaseti haina cha kukupa juu ya 48, isipokuwa unataka kufanya marekebisho ya kitaalamu baadaye.

Kiwango kiwe hivi: kelele kubwa kabisa ya watazamaji ifike desibeli 6 chini ya ukomo, isizidi. Onyesho la soul hudanganya. Mtangazaji huongea taratibu, bendi hupiga dakika kumi kwa upole, kisha tarumbeta na umati hupanda pamoja. Ukipanga kwa sauti ya mtangazaji umeharibu. Ikiwa huna uhakika acha desibeli 12. Biti 24 zina nafasi ya kutosha.

Rekodi upande mzima bila kusimamisha, kuanzia mkia wa mwanzo usio na sauti hadi deki ijizime yenyewe. Usikate ukimya, usiongeze sauti, usitumie kichujio chochote. Faili hilo ndilo mama. Mengine yote yatatoka kwake.

Kasi ya kweli

Kila aliyenakili aliongeza kosa lake la mwendo. Deki moja ilikwenda haraka asilimia 1, ya pili polepole asilimia 2, na kaseti ikipita mikono mitatu makosa hujumlika. Nusu toni ni karibu asilimia 6, kwa hiyo kosa la asilimia 3 ni robo toni: mwimbaji husikika kama mdogo wake na bendi kama ina haraka ya kuwahi boti ya mwisho. Wengi husahihisha kwa sikio au kwa kulinganisha na sahani ya santuri ya studio, na huko kuna mtego, kwani waimbaji wengi walibadili ufunguo jukwaani.

Mngurumo wa stima ni shahidi bora. Umeme wa Marekani ni wa 60 Hz, na vipaza sauti vya ukumbi viliuacha ndani ya rekodi, chini ya muziki. Umeme wa Uingereza, Ufaransa, Ghana, Kongo na Kenya ni wa 50 Hz. Ikiwa onyesho lilikuwa New York, mstari wa mngurumo unapaswa kusimama kwenye 60. Ukisimama pengine, umepata kosa la kasi, na unaweza kulipima.

Hatua zake: toa nakala ya faili, chagua sehemu tulivu kati ya nyimbo, sekunde 20 hadi 30. Punguza nakala hiyo hadi 8,000 Hz, kwa sababu grafu ya masafa ya Audacity yenye vipande 65,536 itakuwa na hatua ya takriban 0.12 Hz, ukiiacha kwenye 48,000 hatua ni 0.73 Hz, pana mno. Kisha usitazame 60 peke yake. Mngurumo huwa na ndugu zake kwenye 120, 180, 240 na 300, na wa tano hukuza kosa mara tano. Tuseme mstari uko 306 badala ya 300. Gawa 300 kwa 306: 0.9804. Basi punguza kasi kwa asilimia 1.96. Tumia agizo linalobadili kasi na kimo cha sauti pamoja, si lile linalobadili mwendo peke yake, ambalo hukata na kuunganisha sauti vipande vipande.

Mara nyingi utaona mistari miwili. Ulio karibu na 60 ni wa ukumbini. Ulio karibu na 50 uliingia wakati wa kunakili Ulaya au huku kwetu. Ule wa 60 ndio wenye umri mkubwa zaidi, umebeba makosa ya mikono yote, basi sahihisha kwa huo. Mstari uliosimama 50.0 bila kupepesuka karibu kila mara ni wa kwako mwenyewe, wa soketi ya leo. Ndiyo maana ya kuchomoa chaja. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa upande. Tofauti ikizidi asilimia nusu, deki ya mtu fulani ilikuwa inachoka, na itabidi usahihishe kwa vipande.

Kujua ulicho nacho

Maandishi ya karatasi ya kaseti yanamshuhudia aliyeyaandika, hayalishuhudii onyesho. "James Brown Live" yaweza kuwa chochote. Yaandike kama yalivyo, pamoja na makosa, kisha uanze kupeleleza.

Kwanza ondoa kile kinachopatikana dukani. Onyesho la James Brown la ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, lilirekodiwa tarehe 24 Oktoba 1962 na sahani ikatoka 1963. Mtangazaji wake ni Fats Gonder. Katika sahani ya mwanzo ule wimbo mrefu wa dakika kumi na kitu, "Lost Someone", ulikatwa ukagawiwa pande mbili. Kaseti yako ikififisha wimbo katikati na kuuanza upya, ilinakiliwa kutoka sahani, na si adimu hata kama imechanika kwa uzee. Sam Cooke katika Harlem Square Club ya Miami ni Januari 1963, lakini kampuni iliikalia rekodi ile hadi 1985. Kaseti inayodaiwa kuwa ya miaka ya sabini na ina onyesho lile ingekuwa jambo kubwa. Iliyonakiliwa baada ya 1985 ni ya kawaida. Otis Redding alirekodiwa London na Paris Machi 1967 pamoja na msafara wa Stax, kampuni ya rekodi ya Memphis, Aretha Franklin katika ukumbi wa Fillmore West Machi 1971, Bill Withers katika ukumbi wa Carnegie Hall Oktoba 1972. Vyote hivi vilitoka rasmi, hivyo linganisha mpangilio wa nyimbo na maneno ya katikati, ambayo hayafanani usiku mmoja na mwingine.

Halafu funga tarehe pande zote mbili. Wimbo hauwezi kuimbwa jukwaani na mtu aliyekwisha kufa: Otis alifariki tarehe 10 Desemba 1967, na ule wa gatini, "Dock of the Bay", aliurekodi wiki za mwisho za uhai wake. Kaseti inayokupa wimbo huo kwa sauti yake na umati unaoshangilia imepakwa umati. Hilo lilifanywa hata na makampuni yenyewe: sehemu ya albamu ya James Brown ya mwaka 1970, "Sex Machine", ni ya studio iliyoongezewa makofi. Umati wa kupakwa hujulikana. Mluzi uleule hurudi kila baada ya muda, makofi hayaongezeki mwimbaji anapopiga ukelele, na sauti ya ukumbi haimo ndani ya ngoma.

Chanzo nacho huacha alama kwenye grafu ya masafa. Redio ya masafa mafupi hukoma karibu 5 kHz, huja na kwenda, ina miluzi. Redio ya FM hukoma kwenye 15 kHz. Mstari mwembamba kwenye 15,625 Hz maana yake sauti ilipitia televisheni ya mfumo wa zamani wa analojia uliotumika Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya. Kwenye 15,734 Hz ni televisheni ya Marekani. Kaseti ya kawaida iliyonakiliwa mara kadhaa haifiki huko, lakini nzuri hufika, na mstari huo pia unaweza kutumika kupima kasi. Ukiuziwa faili "adimu" mtandaoni na likakatika kama kwa kisu kwenye 16 kHz, ni MP3 iliyobadilishwa jina kuwa WAV, usilipie.

Maonyesho ya Afrika yana mvuto wake. Accra, tarehe 6 Machi 1971, Black Star Square: Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, Staple Singers. Kinshasa, 22 hadi 24 Septemba 1974: James Brown, Bill Withers, B.B. King, pamoja na Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, wiki chache kabla ya pambano la Ali na Foreman lililoahirishwa hadi 30 Oktoba. Sehemu kubwa ya sauti za waimbaji wa Kiafrika wa Kinshasa ilitoka rasmi mwaka 2017 tu. Kaseti ya redio ya siku zile, hata yenye mikwaruzo, isikilize yote, matangazo ya Kifaransa na Kilingala yakiwemo.

Na upande B usiupuuze. Mwenye kaseti za soul Lamu mara nyingi alitumia nafasi iliyobaki kurekodi kilichokuwa karibu: taarab ya harusi, Zein l'Abdin au Juma Bhalo wakiimba uani, Maulidi ya Riyadha, au salamu za sauti za ndugu aliye Uarabuni. Otis ana nakala Memphis. Harusi ile huenda haina nyingine popote. Inakili kwa uangalifu uleule, au zaidi. Salamu za nyumbani uwape wenyewe, usizitie kwenye mkusanyo.

Kusafisha, kupa jina, kuhifadhi

Kuondoa mvumo kwa programu fanya kwenye nakala tu, na usizidishe desibeli 6. Makofi ni kelele ya masafa yote sawasawa na mvumo wa ukanda, na kichujio hakiwezi kuvitofautisha. Ukikaza, umati mzima utasikika kama unashangilia chini ya maji. Sampuli ya mvumo ichukue kwenye mkia baada ya muziki kuisha, usichukue ukimya wa ukumbini, kwa sababu ule una watu ndani yake. Mngurumo uondoe mwisho kabisa, baada ya kupima kasi. Wengi huufuta kwanza kisha hawana cha kupimia.

Jina la faili lianze na tarehe ya onyesho: 1967-03-21_OtisRedding_Paris_K03_A, yaani kaseti ya tatu, upande A. Usichokijua kiandike xx. Kando yake weka faili la maandishi: aina ya kaseti, maneno ya karatasi, deki, tarehe ya kunakili, kasi uliyopima na uliyosahihisha. Nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya Lamu. Hata diski iliyo katika hewa ya chumvi haikawii kuharibika. Faili la aina ya FLAC hupunguza ukubwa karibu nusu bila kupoteza chochote, na ndiyo ya kupakia mtandaoni ukiwa na bando la simu. Faili kubwa za WAV ni nafuu kumpa msafiri wa Mombasa kwenye fleshi.

Kaseti irudi ndani ya boksi ikiwa imechezwa hadi mwisho, si iliyosokotwa kwa kasi, isimamishwe wima, mbali na spika.

Kunakili kaseti yako isipotee ni jambo moja, kuisambaza au kuiuza ni jingine. Kwa sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kuanzia 1957 hadi katikati ya Februari 1972 zinalindwa mpaka Februari 2067. Kwa upande wa Kenya, KECOBO, bodi ya hakimiliki, ndio wa kuulizwa. Ukiamini umepata onyesho ambalo halijatoka, waandikie wenye kuhusika, kwa soul ya Memphis kwa mfano makumbusho ya Stax, ukituma sekunde 30 za sauti, grafu ya masafa, picha ya kaseti pande zote na lile faili la maandishi. Kaseti yenyewe usiitume kwa posta. Wakiitaka, kubalianeni kwanza nani atalipa, nani ataibeba mkononi, na nakala ya faili mama itabaki kwa nani.